UZI: Mwizi wa transfoma anaijua ratiba ya doria kuliko meneja. Tujadili hesabu ya ulinzi usiotabirika

Mwanahesabu_Moro (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Jambo hili linanikera muda mrefu, leo nalileta jamvini. Kila transfoma ikinyonywa mafuta au mnara wa umeme ukifunguliwa vyuma, maoni ni yale yale: ongezeni walinzi, wekeni kamera, wafungwe miaka mingi. Ni nadra kusikia mtu akiuliza walinzi waliopo wanapangwa vipi. Mimi nasema ugonjwa uko hapo kwenye mpango.

Laini za msongo mkubwa zinakatiza mapori mamia ya kilomita. Vituo vya kupoza umeme, matangi ya maji, mabomba ya mafuta, minara ya simu, vyote hivyo haviwezi kupata askari wa kusimama usiku kucha, hata kwa nchi tajiri. Kila usiku kuna mahali pataachwa wazi. Kinachobaki ni kujua nani anachagua mahali hapo, na anayekuja kushambulia anafahamu nini kabla hajatoka kwake.

Kuna tawi la hesabu linaitwa nadharia ya michezo. Linashughulika na maamuzi ambayo matokeo yangu yanategemea utakachofanya wewe, na yako yanategemea nitakachofanya mimi. John von Neumann aliweka msingi wake mwaka 1928. Mwaka 1934 mchumi wa Kijerumani, Heinrich von Stackelberg, akaeleza soko la kampuni mbili ambapo moja inatangulia kuamua, ya pili inatazama kwanza ndipo inaamua. Ulinzi uko hivyo hivyo. Mwenye mali anatangulia: anaajiri, anapanga zamu, anatoa gari la doria. Adui anakaa pembeni anatazama, akishaelewa anachagua.

Shikeni mfano mdogo. Kuna vituo viwili na gari moja la doria. Kituo A kikiharibiwa hasara ni 6 (tuseme kinalisha mji mzima), kituo B hasara ni 3. Gari likiwepo, shambulio linashindwa.

Ukiliweka gari A kila siku, adui anaenda B. Unapoteza 3.

Ukisema basi nirushe sarafu, nusu ya siku A na nusu B, adui anapiga A, kwa sababu nusu ya 6 ni 3. Bado unapoteza 3! Kubahatisha kwa sarafu hakujakusaidia chochote.

Sasa lipeleke A mara mbili katika kila tatu, na B mara moja katika tatu, siku zenyewe zikichaguliwa kwa bahati nasibu. Adui akienda A anatarajia theluthi moja ya 6, yaani 2. Akienda B anatarajia theluthi mbili za 3, yaani 2 vilevile. Hana pa kukimbilia penye nafuu. Hasara imeshuka kutoka 3 hadi 2 na hujaongeza mlinzi wala lita ya mafuta.

Kubahatisha kwa uzito ndio roho ya jambo hili, na ndiko watu wengi wanakokosea wakisikia neno "bahati nasibu".

Si nadharia ya ubaoni tu. Uwanja wa ndege wa Los Angeles ulianza kutumia programu ya aina hii mwezi Agosti 2007, inaitwa ARMOR, iliyotengenezwa na kundi la Profesa Milind Tambe pale Chuo Kikuu cha Kusini mwa California. Uwanja ule walishajua unawindwa: Desemba 1999 Ahmed Ressam alikamatwa akiingia Marekani kutoka Kanada na gari lenye vilipuzi, na shabaha yake ilikuwa uwanja huo. Barabara za kuingilia ni kadhaa, majengo ya abiria ni mengi, polisi na mbwa wa kunusa hawatoshi. Programu ikawa inawapangia wapi waweke kizuizi cha barabarani, saa ngapi, na mbwa waende jengo lipi. Baadaye ikaja ya walinzi wa anga wanaopanda ndege za Marekani, na mwaka 2011 ya doria za Walinzi wa Pwani bandarini Boston.

Karibuni. Mwenye uzoefu wa lindo naomba sana aseme.

---

Mzee_wa_Lindo

Mwanangu mleta mada, umegusa kidonda changu. Nimefanya kazi ya ulinzi kwenye kampuni binafsi hadi nilipostaafu, jina la kampuni tuliache.

Msimamizi wetu alikuwa anapita na gari saa sita usiku na saa kumi alfajiri. Kila siku. Akifika anasaini daftari, anakagua kama mlinzi amelala, anaondoka. Sisi tulikuwa tunaizoea sauti ya injini yake. Sasa kama mimi mlinzi naisikia nikiwa ndani ya geti, kijana anayeuza kahawa nje haisikii? Mama wa mgahawa wa jirani haisikii? Kati ya saa sita na nusu na saa kumi kasoro ilikuwa ni saa ya kila mtu kufanya anachotaka. Nyaya zilikatwa saa nane usiku, na waliokata hawakuwa na haraka hata kidogo, maana walizikunja vizuri mafungu mafungu.

Uongozi ukajibu kwa kuongeza ukaguzi wa tatu. Saa nane kamili. Wezi wakahamia saa saba.

---

Mwanahesabu_Moro

Shikamoo mzee wangu. Hiyo ya saa nane kuhamia saa saba nimeisoma mara mbili mbili. Ukaguzi umeongezeka, gharama imeongezeka, adui amesogeza mshale wa saa tu.

Wangebaki na kaguzi mbili zile zile lakini saa zikachaguliwa kila jioni kwa kura, yule wa saa nane angekuwa hajui kama gari liko njiani au limeshapita. Kutojua huko ndiko kunakomzuia.

---

Chumvi_na_Pilipili

Mkuu nakuheshimu ila hapa sikubaliani. Hizi hesabu ni za adui msomi, anayekaa na kalamu akapiga theluthi. Mwizi wetu wa nyaya ana njaa na msumeno. Hapigi hesabu yoyote. Pili, mimi naona ukilinda sana hapa anahamia pale, umemsukuma tu kwa jirani.

---

Mwanahesabu_Moro

Mkuu Chumvi, hoja zako mbili ni nzito, nazijibu moja moja.

La kwanza: hahitaji kalamu. Mzee ametuambia hapo juu, kijana wa kahawa alijua ratiba yote bila kuandika namba. Lakini uko sahihi kwamba binadamu hachagui kama kikokotoo. Wakati mwingine anachukua penye nafuu kidogo kwa sababu pako karibu na kwake, au kwa mazoea. Watafiti waliliona hilo, ndiyo maana miundo ya baadaye haidhani adui anachagua bora kuliko vyote. Inadhani anaelekea zaidi kwenye penye faida kubwa na mara mojamoja anakosea. Mgawo wa doria unabadilika kidogo, wazo linabaki.

La pili ndilo kiini. Kuhama ni kweli na kumepimwa. Januari 1973 viwanja vya ndege vya Marekani vilianza kukagua kila abiria kwa mashine za kugundua chuma. Utekaji wa ndege ukashuka sana. Wachumi Walter Enders na Todd Sandler walipochambua takwimu za miaka hiyo wakakuta matukio ya aina nyingine ya kuteka watu yamepanda. Waliozuiwa mlango huu walitafuta mwingine. Kwa hiyo anayepanga ulinzi wa kituo kimoja bila kutazama vingine anajidanganya. Ule mgawo wa theluthi umehesabu kuhama tangu mwanzo: unaacha pote pawe sawasawa machoni pa adui, kuhama kusimpe kitu.

Niongeze kitu ambacho kimeniumiza kichwa. Yule wa njaa na msumeno havitazami vituo kama sisi. Kwetu A ni 6 na B ni 3 kwa sababu ya giza litakalotokea. Kwake shaba ni ile ile na mafuta ni yale yale, A na B vina bei moja. Ukilinda A theluthi mbili, huyu anakwenda B moja kwa moja, kwa kuwa B iko wazi zaidi. Dhidi yake peke yake ingetosha kulinda A zaidi kidogo ya nusu: bado anakwenda B, ila B nayo inalindwa karibu nusu, na hasara inakuwa kama 1.5 badala ya 2. Lakini ukipanga hivyo akaja mhujumu anayetaka mji uzime, anakupiga A na unapoteza karibu 3. Adui wawili, mipango miwili, gari moja. ARMOR ilijengwa hivyo tangu mwanzo: unaiambia aina za maadui, uwezekano wa kila mmoja, na kila mmoja anathamini nini, inakutafutia mgawo mmoja unaopunguza hasara kwa jumla. Kwa mkono hesabu hiyo inachosha haraka.

---

Kipa_Namba_Moja

Kwa hiyo ni kama kipa na mpiga penalti?

---

Mwanahesabu_Moro

Karibu sana, ila kuna tofauti moja. Kwenye penalti wote wawili wanaamua kwa pamoja. Hapa kipa ametangaza tabia yake msimu mzima na mpigaji amekaa jukwaani akiitazama. Hicho kidogo ndicho Stackelberg alichoongeza.

---

Nuru_wa_Kilwa

Samahani kaka, naomba niulize kwa uchungu kidogo. Kwenye mfano wako kuna A na B. Sisi wa miji midogo ni C. Tuseme hasara yetu ni 1. Tunapata gari la doria mara ngapi?

---

Mwanahesabu_Moro

Dada Nuru, nitakuambia ukweli kama hesabu inavyotoka: hampati hata mara moja.

Adui akienda A au B anatarajia 2. Akija C ambayo haina mlinzi kabisa anatarajia 1. Haji, maana kwingine pana faida zaidi. Ukitoa doria hata usiku mmoja kwenda C, umepunguza A au B na hasara ya jumla inapanda.

---

Nuru_wa_Kilwa

Ndicho nilichohisi. Lakini hiyo 1 nani kaiandika? Aliyepo mjini ametazama idadi ya wateja wa umeme na mapato ya mwezi. Kituo chetu kinalisha hospitali yenye chumba cha upasuaji na friji za chanjo, na pampu ya maji ya mji. Jenereta ya hospitali ikikosa dizeli, na hukosa, umeme ukikatika katikati ya upasuaji wa mama mjamzito hiyo ni 1?

---

Mwanahesabu_Moro

Si 1 dada. Na hapa ndipo ningependa kila mhandisi na kila mkuu wa idara asome ulichoandika. Fomula haijui chanjo. Inapokea namba iliyopewa, na aliyeandika namba ameshagawa ulinzi kabla kompyuta haijawashwa.

Tuseme tumekaa na wewe na daktari wa hapo, tukakubaliana C ni 4. Turudie: A 6, B 3, C 4, gari moja. Mgawo unaowafanya wote watatu wawe sawa kwa adui ni A mara 5 katika kila 9, C mara 3, B mara 1. Popote anapokwenda anatarajia 2.67 hivi. Kutoka sifuri C imepata theluthi nzima ya usiku wote, na B iliyokuwa na theluthi imebaki na moja ya tisa. Hasara ya jumla imepanda kutoka 2 hadi 2.67 kwa sababu sasa tumekiri thamani iliyokuwepo siku zote. Gari la pili linaombwa kwa namba kama hiyo, mezani kwa mwenye bajeti.

Watu wa B watalalamika. Waje nao na yao, tuipime.

---

Mpwani_254

Niko Mombasa, nafuatilia. Kwetu Kenya tarehe 11 Januari 2022 umeme ulikatika nchi nzima baada ya minara kuanguka kwenye laini ya Kiambere kwenda Embakasi. Waliochunguza wakataja uharibifu wa makusudi, vyuma vya minara kufunguliwa. Siku chache baadaye Rais Uhuru Kenyatta akasimamisha biashara ya vyuma chakavu.

Naona hiyo pia inaingia kwenye mchezo wako. Badala ya kupeleka askari kwenye mnara, unaipunguza faida ya mwizi kule anakouzia. Ila wenye yadi waaminifu waliumia pamoja na wezi, na marufuku yenyewe iliondolewa mwaka huo huo. Kwa maoni yangu kumtaka mnunuzi aandike kila muuzaji na kitambulisho chake kungedumu zaidi kuliko kufunga soko zima.

---

Mwanahesabu_Moro

Kaka Mpwani, umesema vizuri kuliko mimi. Doria inagusa uwezekano wa kukamatwa. Yadi ya vyuma inagusa zawadi. Na kwa yule anayetaka giza, si fedha, kufunga yadi hakumgusi hata kidogo. Ndiyo maana lazima kwanza ujue unacheza na nani.

---

Doria_Porini

Mimi ni askari wa wanyamapori. Si umeme, lakini tatizo letu ni lile lile: eneo kubwa, watu wachache, jangili anatutazama kutoka kichakani.

Kundi hilo hilo la Tambe lilitengeneza programu inaitwa PAWS, ikajaribiwa Uganda kwenye Hifadhi ya Queen Elizabeth, kilomita za mraba karibu 2,000, na Malaysia. Kilichonivutia ni walivyokwama. Mwanzoni programu iligawa msitu kwa vyumba vya mraba kwenye ramani na kuwaambia askari wapite chumba hiki mpaka kile. Kwenye karatasi ni mstari ulionyooka. Malaysia askari wakakuta mstari unapanda mlima na kushuka korongo, watu hawafiki. Ikabidi wairudie, njia zifuate migongo ya vilima na vijito, kule ambako wanyama wanapita, na majangili wanapita huko huko. Anayepanga bila kutembea atakupangia doria isiyotembeka, na isiyotembeka haitafanywa hata ikiandikwa.

Baadaye Uganda walichagua maeneo mawili madogo, kila moja kilomita za mraba 9, ambayo kompyuta ilisema yana mitego ingawa askari walikuwa hawaendi mara kwa mara. Walikuta tembo ameuawa na pembe zimekatwa. Wakakuta na mitego 10 ya swala ikiwa bado haijanasa kitu. Aliyewahi kufungua tanzi la waya kwenye shingo ya mnyama anajua maana ya kulifikia kabla.

---

Fundi_Laini

Naongezea la upande wetu mafundi. Mleta mada ana hatua mbili: mlinzi anapanga, adui anapiga. Kuna ya tatu, baada ya kupigwa.

Usiku wa 16 Aprili 2013 watu wasiojulikana waliingia kwenye mashimo ya nyaya karibu na kituo cha Metcalf, jirani na San Jose, California, wakakata faiba za mawasiliano. Kisha kwa dakika kama 19 wakapiga risasi zaidi ya 100 kwenye transfoma. Hawakulenga ovyo. Risasi zilitoboa sehemu za kupozea, mafuta yakavuja, transfoma zikapata joto na kuzima zenyewe. Transfoma 17 zikatoka kazini. Polisi walipofika watu wameshaondoka.

Lakini mji haukuingia gizani. Wa chumba cha udhibiti walizungusha umeme kupitia njia nyingine na kuomba vituo vingine vizalishe zaidi. Matengenezo yalichukua siku 27 na gharama ilizidi dola milioni 15, mteja wa kawaida akabaki na taa yake.

Wataalamu wa chuo cha jeshi la majini la Marekani kule Monterey, Gerald Brown na wenzake, waliandika mwaka 2006 muundo wenye hatua hizo tatu: anayelinda, anayeshambulia, na anayelinda tena kwa kuendesha kilichobaki. Usipoihesabu hatua ya tatu utatumia fedha kujenga ukuta mahali ambapo laini ya pili ya akiba ingetosha. Transfoma kubwa haipatikani dukani. Unaagiza, unasubiri miezi mingi. Ukiwa na moja ya akiba inayohamishika, ile 6 ya A inashuka.

---

Mwanahesabu_Moro

Fundi, umeufanya uzi uwe na maana kamili. Turudi kwenye A na B peke yake. Kwa transfoma ya akiba A ikishuka kutoka 6 hadi 3, mgawo unakuwa nusu kwa nusu na hasara inashuka kutoka 2 hadi 1.5, gari ni lile lile moja. Hapo hata sarafu ya mwanzo inakuwa sahihi.

Nimeulizwa faraghani na wawili watatu: je, mbinu hii si siri, mbona naimwaga hadharani? Mgawo unaweza kujulikana na kila mtu. Adui akijua kwamba A ni mara 5 katika 9 haimsaidii, maana tulishapanga tukidhani anajua. Kinachofichwa ni kura ya usiku wa leo. Ipigwe jioni muda mfupi kabla ya kutoka, dereva aambiwe akiwa ameshapanda gari, na wasiohitaji kujua wasijue. Ratiba ya mwezi mzima iliyobandikwa ukutani ofisini inasomwa na kila anayekuja kulipa bili.

---

Mzee_wa_Lindo

Mwanangu, vijana wangu wanalinda shule na matangi ya maji, hawana kompyuta. Nikikata vikaratasi 9, vitano A, kimoja B, vitatu C, nikatia kwenye kopo, kila jioni msimamizi achomoe kimoja, nimeelewa?

---

Mwanahesabu_Moro

Umeelewa mzee, tena hiyo inafanya kazi kabisa. Ila namba zitoke kwenye matangi yenu wenyewe, msichukue za kwangu.

---

Mzee_wa_Lindo

Na kikaratasi kilichochomolewa kinabaki nje mpaka viishe, au kinarudi?

---

Mwanahesabu_Moro

Kinarudi usiku huo huo, kopo litikiswe. Kikibaki nje, kile kimoja cha B kikishatoka usiku wa kwanza, anayewatazama anajua B haina gari kwa siku nane zinazofuata. Kikirudi, B inaweza kutoka leo na kesho tena. Msimamizi atahisi kopo limekosea na atataka kuchomoa upya. Mkataze. Akianza kuchagua kwa hisia zake, wiki ya tatu kijana wa kahawa atakuwa ameshamsoma.

---

Mzee_wa_Lindo

Nimekupata. Jumatatu naongea nao.